Kuchimba kwenye kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta: udongo upi ubaki, upi utoke, na utoke vipi

Viwanja vya wazi ndani ya Mombasa vimekwisha. Vinavyouzwa siku hizi kwa kujenga ghorofa ni gereji za zamani, maghala, yadi za vyuma chakavu na vituo vya mafuta vilivyofungwa. Mnunuzi hukagua barabara, hati miliki na bei. Udongo hukumbukwa siku eskaveta inapochota ndoo ya kwanza na harufu ya petroli ikajaa mtaa mzima. Hapo lori la tipa limeshapaki langoni na dereva anauliza: "Boss, huu tukaumwage wapi?"

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa saiti, mhandisi na kontrakta mdogo asiye na mtu wa mazingira ofisini. Nimeshika mfano wa kituo cha mafuta, lakini njia ni hiyohiyo kwa gereji, karakana ya betri au yadi ya nguzo za umeme. Kuna jambo moja linalobeba mengine yote: udongo unaamuliwa ungali ardhini. Ukishachimbwa na kuchanganyika, lundo zima linahesabiwa kwa sehemu yake iliyo mbaya kuliko zote, na utalipia lundo zima.

Hatua ya 1: Jua kiwanja kilikuwa nini

Anza na karatasi: ramani za zamani, leseni za biashara, picha za satelaiti za miaka iliyopita, michoro ya matangi kama ipo. Kisha toka nje uongee na watu. Mwenye duka la pili, bawabu wa zamani, mzee anayekaa kibarazani kila jioni. "Shikamoo mzee. Hapa kabla hapajafungwa, pampu zilisimama wapi?" Atakuonyesha kwa bakora. Atakuambia pia tangi gani lilikuwa halikai na mafuta, na gereji ilikuwa ikimwaga oili chafu nyuma ya ukuta upi. Maabara haiwezi kukupa habari hizo, na ndizo zitakazokuambia shimo la majaribio lichimbwe wapi.

Matumizi ya zamani ndiyo yanayoamua utapima nini. Penye petroli tafuta benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, pamoja na jumla ya mafuta. Kituo kikiwa kilifanya kazi kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi, maana petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari mwaka huo. Gereji huacha oili chafu na metali. Yadi ya nguzo za umeme huacha kreosoti, au ile dawa ya kijani yenye shaba, kromiamu na aseniki. Palipokaa transfoma kuukuu pima PCB, kemikali ya sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma. Ghala la dawa za kilimo usilidharau hata likiwa bovu na tupu: kule Vikuge, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, dawa zilizopitwa na wakati ziliwekwa kwenye banda, banda likaporomoka, na udongo ukabaki na DDT miaka mingi baadaye.

Karakana ya betri ni habari nyingine kabisa. Hapa Mombasa hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Owino Uhuru, kule Mikindani, wakazi walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za magari. Phyllis Omido aliisimamia kesi yao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Petroli hupungua yenyewe mwaka hadi mwaka. Risasi haiendi popote.

Mwisho, angalia mapaa. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini nyumba zilizoezekwa kabla ya hapo zipo, na zilizobomolewa ovyo zimeacha vipande ndani ya kifusi. Kipande cha kijivu, kigumu, chenye mawimbi, ambacho ukikivunja kinaonyesha nyuzinyuzi pembeni: simamisha kazi sehemu ile na ulowanishe pale. Usikivunje tena ili kuhakikisha.

Hatua ya 2: Mashimo ya majaribio

Chora kiwanja kwa miraba ya mita 10 kwa 10 na kila mraba uupe jina: A1, A2, B1. Majina haya utaishi nayo hadi mwisho wa kazi. Yataandikwa kwenye chupa za sampuli, kwenye malundo na kwenye hati za lori. Chimba shimo katika kila mraba, halafu ongeza mengine palipo na sababu: kando ya kila tangi, chini ya pampu, kwenye mdomo wa kujazia tangi ambako mafuta humwagika kila lori linaposhusha, na kufuata mstari wa mabomba. Nenda chini kupita kitako cha tangi, ambacho mara nyingi kiko mita 3 au 4.

Aina ya ardhi inabadilisha kila kitu, na hapa ndipo ripoti zilizonakiliwa kutoka Nairobi hutuangusha. Kwenye mchanga wa Kisauni au Bamburi, mafuta hushuka moja kwa moja hadi kwenye maji, kisha hutanda juu yake. Unaweza kuchimba mita 2 za udongo safi kabisa na ukakuta uchafu wote umekaa kwenye sentimita 50 za mwisho. Kwenye udongo mzito wa upande wa Changamwe hukwama karibu na palipovuja. Kwenye mwamba wa matumbawe wa kisiwani hupita kwenye nyufa: sampuli ya hapa safi, ya mita 2 pembeni inanuka, na kisima cha msikiti wa mtaa wa pili kina utando wa mafuta. Penye matumbawe usiridhike na sampuli chache safi. Nenda ukaangalie visima vya majirani kabla hujagusa kitu, na uchukue sampuli ya maji yao, kwa faida yao na kwa kinga yako.

Shimo likiwa wazi, soma unachokiona. Udongo uliokaa na mafuta hugeuka kijivu au kijani cheusi, hata kama asili yake ni mwekundu. Twaa konzi moja uitie kwenye chupa ya maji masafi, tikisa, ngoja. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua, uguse kwa kijiti. Utando wa mafuta hurudi kuungana nyuma ya kijiti. Utando wa bakteria wa chuma, ambao ni wa asili na hauna neno, huvunjika vipandevipande kama kioo na haurudi. Nimeona watu wakisimamisha saiti kwa kutu ya maji.

Kipimo cha pili ni cha mvuke. Jaza mfuko wa nailoni wa kufunga nusu kwa udongo, funga, uweke juani dakika 10, kisha tia ncha ya kipima mvuke. Namba utakayopata si kipimo cha maabara na usiipeleke kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kama ushahidi. Inakusaidia tu kuchagua sampuli zipi zistahili fedha ya maabara. Usiweke pua yako badala ya mashine. Benzini wengi huanza kuisikia ikiwa imeshapita 1 ppm (sehemu moja kwa milioni ya hewa), kiwango cha juu cha siku ya kazi nchini Marekani, na benzini husababisha saratani ya damu.

Hatua ya 3: Sampuli za maabara

Sampuli ya metali ni rahisi: chukua sehemu tano za mraba mmoja, changanya kwenye beseni la chuma kisichoshika kutu, jaza chupa. Sampuli ya petroli ukiifanyia hivyo umeiua, maana benzini hupaa unapokoroga. Hiyo ichukuliwe mara tu udongo unapofunuliwa, kutoka sehemu moja, ijazwe kwenye chupa ya kioo hadi mdomoni bila nafasi ya hewa, ifungwe na kutiwa kwenye kikasha cha barafu. Iwe kwenye nyuzi joto 4 hivi hadi ifike, na ipimwe ndani ya siku 14. Maabara nyingine hukupa chupa zenye methanoli ndani. Zipende, kwa sababu methanoli hushika mvuke usitoroke.

Nawa kifaa kati ya sampuli na sampuli. Vaa glavu mpya kila shimo. Katika kila sampuli 10 au 20, moja ichukuliwe mara mbili na kupewa jina tofauti, ili uone maabara inasemaje kuhusu udongo uleule mara mbili. Chagua maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa kipimo kile hasa unachotaka. Cheti cha kupima maji hakina maana kwako. Kila anayepokea kikasha atie saini, tarehe na saa.

Kama ulichelewa na udongo umeshakuwa lundo, bado kuna njia. Australia hutaka sampuli moja kwa kila mita 25 za ujazo kwa malundo madogo, na zisipungue 3. Chimba ndani ya lundo kwa sepetu. Juu jua limeshafanya kazi yake, na sampuli ya juu itakudanganya.

Hatua ya 4: Panga madaraja

Majibu yakirudi, watu huchanganya maswali mawili yasiyofanana. Swali la kwanza: udongo huu ukibaki hapa, utamdhuru atakayeishi au kufanya kazi juu yake, au maji yaliyo chini? Swali la pili: udongo huu ukitoka getini, ni taka ya aina gani? La kwanza hujibiwa kwa matumizi ya ardhi. La pili hujibiwa kwa sheria ya taka. Udongo mmoja unaweza kufeli moja na kupita jingine.

Chukua risasi. Tuseme mraba B3 umerudi na miligramu 300 kwa kilo. Marekani tangu Januari 2024 hutumia 200 kama kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi. Zamani kilikuwa 400. Kwa hiyo B3 haufai kuachwa wazi mahali watoto watakapocheza. Ukiweka maegesho ya zege juu yake, hadithi inabadilika, kwa kuwa hakuna atakayeugusa wala kuvuta vumbi lake. Sasa utoe saiti. Kipimo cha Marekani cha uchujaji, TCLP, huloweka udongo kwenye asidi dhaifu mara 20 ya uzito wake na kuangalia ni kiasi gani kinatoka. Risasi ikifika miligramu 5 kwa lita, ni taka hatari. Hesabu yenyewe inakupa njia ya mkato: gawa jumla kwa 20. Udongo wenye 90 hata ukitoa risasi yake yote hauwezi kufika 5, hivyo usilipie kipimo. Wenye 300 unaweza kufika 15, hivyo lazima upimwe. Benzini ni vilevile: kikomo ni 0.5 kwa lita, basi chini ya 10 kwa kilo huna haja ya TCLP.

Kwa mafuta, jua ni mafuta gani. Uingereza, udongo wenye mafuta ya aina isiyojulikana huweza kuhesabiwa taka hatari ukifika miligramu 1,000 kwa kilo. Ukithibitisha kwa maabara kwamba ni dizeli tupu, kikomo kinachowekwa kwa hatari ya saratani hupanda hadi 10,000. Gharama ya kuitambua aina ya mafuta ni ndogo mno ukiilinganisha na tofauti hiyo, na bado watu huomba "jumla ya mafuta" peke yake ili kuokoa shilingi elfu chache.

Washauri wengi huazima viwango vya Uholanzi vya kuingilia kati: risasi 530, mafuta ya madini 5,000, benzini 1.1, vyote miligramu kwa kilo. Si vibaya kuazima. Kibaya ni kuchagua nchi baada ya kuona majibu, leo Uholanzi kwa sababu risasi imepita, kesho Marekani kwa sababu benzini imepita. Kubaliana na NEMA kwa maandishi, kupitia mtaalamu wako mwenye leseni, ni viwango gani vitatumika kabla chupa hazijaenda maabara. Weka pia sampuli kadhaa za udongo wa asili kutoka pembeni ya kiwanja pasipoguswa. Baadhi ya ardhi, hasa za volkano huko bara, huwa na nikeli na kromiamu nyingi kwa asili yake, na hutaki kulipa kusafisha kazi ya Mungu.

Mimi hutumia madaraja manne na rangi ya dawa ya kupulizia kwa kila moja. Kijani: udongo wa asili, haujaguswa, unaweza kwenda popote. Njano: umeguswa kidogo, unabaki ndani ya kiwanja chini ya zege au barabara, kwa idhini. Chungwa: unatoka, ni taka, lakini si taka hatari. Nyekundu: taka hatari, au wenye asbesto, au wenye mafuta yanayotiririka. Ramani ya miraba ikishapakwa rangi, ibandike kwenye kibanda cha saiti na mpe opereta wa eskaveta nakala yake. Opereta ndiye mtu wa mwisho mwenye uwezo wa kuzuia mchanganyiko, na mara nyingi ndiye pekee ambaye hakuonyeshwa ripoti.

Lugha ya kuepuka hapa ni "tuuchanganye na ule msafi namba zishuke." Kupunguza makali kwa kuongeza wingi si usafishaji. Ulikuwa na lori 10 za taka, sasa unazo 40.

Hatua ya 5: Matangi na uchimbaji

Matangi hutolewa kwanza. Nyonya mafuta yaliyobaki, fukuza mvuke kwa naitrojeni au barafu kavu, pima ndani kwa kipima gesi, kisha ndipo tangi linyanyuliwe. Mvuke wa petroli hulipuka kuanzia asilimia 1.4 tu ya hewa, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja na mtungi wa gesi wakitaka kulikatia palepale ili liingie kwenye mkokoteni. Wakatalie. Lisitoke bila cheti kwamba halina gesi.

Wakati wa kuchimba, anza na kijani, malizia na nyekundu, ili ndoo isibebe uchafu kwenda kwenye usafi. Safisha ndoo unapobadili daraja. Awepo mtu mmoja ukingoni asiye na kazi nyingine ila kutazama udongo unavyobadilika na kumpa opereta ishara. Kusiwe na sigara, kulehemu wala simu ndani ya mita kadhaa za shimo. Kibarua haingii shimoni bila hewa kupimwa, hata shimo likiwa la mita moja na nusu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito na hukaa chini. Gambuti, glavu zisizopitisha mafuta, na barakoa ya chujio la mvuke kwa walio karibu. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo, benzini haizuii hata chembe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamdai mwajiri haya yote, na vibarua wa siku nao wamo.

Maji yakijaa shimoni, usielekeze pampu kwenye mtaro wa mvua. Mitaro ya Mombasa inaishia baharini, na utando wa mafuta kwenye mkono wa bahari wa Tudor utaonekana kabla hujakunja mpira. Ondoa kwanza mafuta yanayoelea kwa pampu ya juu au vitambaa vya kunyonya, kisha pitisha maji kwenye kitenganishi au yaweke kwenye tangi hadi yapimwe.

Kuna tahadhari ya wale wanaojenga kwenye fukwe za mikoko, madaraja na gati. Tope jeusi la mikoko halina mafuta wala risasi, lakini lina madini ya chuma na salfa ambayo hayajawahi kukutana na hewa. Ukilianika, hutengeneza asidi ya salfa, na baada ya wiki chache maji yanayotoka kwenye lundo huwa makali kiasi cha kula zege na kuua samaki. Tia tone la haidrojeni peroksaidi kwenye konzi moja la tope: likichemka kwa nguvu na pH ikashuka chini ya 3, una kazi. Lifunike, liweke chini ya maji au lichanganye na chokaa ya kilimo kwa hesabu ya maabara.

Hatua ya 6: Malundo

Kabla hujapanga ratiba, piga hesabu ya nafasi. Tuseme eneo la matangi ni mita 15 kwa 12, kwenda chini mita 4: mita za ujazo 720. Udongo ukichimbwa huvimba, mchanga kwa robo hivi, basi ni 900. Lundo la mita 2 kwenda juu, lenye miteremko pembeni, litataka zaidi ya mita za mraba 450 na bado lori lipate pa kugeukia. Kiwanja cha mjini hakina nafasi hiyo. Ndiyo maana majibu ya maabara yapatikane kabla, ili udongo upande lori moja kwa moja.

Utakaokaa uwekwe juu ya zege au nailoni nzito ya geji 1000, vipande vikilaliana nusu mita. Zungushia tuta la sentimita 30 na uache kona moja ya chini ya kukusanyia maji. Funika kwa turubai kila jioni, na mchana kutwa wakati wa masika. Mawe au magunia ya mchanga yashike turubai, kwani kusi halina adabu. Lundo likae mbali na mtaro, mbali na kisima, na upande ambao upepo hautapeleka vumbi kwenye madirisha ya watu. Upepo ukihama kutoka kaskazi kwenda kusi, upande huo hubadilika. Kila lundo liwe na kibao: mraba, daraja, tarehe, mita za ujazo.

Hatua ya 7: Uende wapi

Njano hubaki. Chungwa wa mafuta mepesi unaweza kutibiwa kwa kuurundika na kuulisha bakteria waliomo humohumo: unyevu kama wa sifongo iliyokamuliwa, hewa kwa kugeuza au mabomba, na mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa kama 100 za kaboni kwa 10 na 1. Joto letu la pwani hufanya kazi hii vizuri kuliko Ulaya. Dizeli huchukua miezi. Hakikisha tu unachokipunguza kinaliwa na si kupeperuka kwenda kwa jirani, kwa sababu petroli ukiigeuzageuza juani inapungua haraka sana na hakuna bakteria aliyehusika. Risasi, aseniki na asbesto haviliwi na yeyote. Wekundu wenye mafuta mengi huweza kukubaliwa na tanuri la saruji lenye kibali cha kuchoma taka. Uliza mapema, watataka majibu ya klorini na metali.

Mwakirunge si jibu. Ni jaa la wazi, halina tandiko la kuzuia maji machafu chini. Kibarani nayo ilifungwa. Kwa wekundu mtafute mwenye leseni ya NEMA ya taka hatari, omba nakala ya leseni, soma tarehe ya mwisho na aina za taka zilizotajwa, na nenda ukaone kituo chake kwa macho kabla hujatia saini.

Hatua ya 8: Safari na karatasi

Uvujaji mkubwa wa udongo mchafu hautokei shimoni. Hutokea barabarani. Kifusi kina soko pwani yote: mtu ana kiwanja cha bondeni, anataka kukiinua kabla ya mvua, na dereva ana tipa limejaa. Elfu mbili tatu zinabadilisha mkono na udongo wa nyekundu unaishia kwenye ua wa nyumba au uwanja wa shule.

Dawa yake ni hesabu. Mita za ujazo 720 za mchanga, kwa tani 1.6 kila moja, ni tani 1,152. Tipa likibeba tani 15 kihalali, ni safari 77. Kila safari iwe na hati ya ufuatiliaji yenye namba ya gari, jina la dereva, mraba, daraja, saa ya kutoka, na uzito. Nakala irudi na muhuri wa aliyepokea. Jioni linganisha: zilizotoka, zilizofika, tani za mizani. Safari inayochukua dakika 50 ikirudi kwa dakika 20, muulize dereva pale pale, na mbele ya mwenzake. Usilipe kwa safari. Lipa kwa hati zilizogongwa muhuri. Hii peke yake hurekebisha tabia kuliko kamera.

Lori lifunikwe turubai, mlango wa nyuma ukazwe, matairi yaoshwe getini, na maji ya kuoshea yakusanywe.

Na wewe unayenunua kifusi cha kuinua kiwanja, omba karatasi ya kilikotoka. Cha bure chenye harufu, chenye vipande vya kijivu au chenye mafuta, mrudishie mwenyewe kabla hajakimwaga. Kikishamwagwa ni chako.

Hatua ya 9: Thibitisha shimo kabla ya kujaza

Uchafu ukishatoka, chukua sampuli za kuta zote nne na sakafu, moja kwa kila mita 10 hivi na zaidi palipo na rangi. Penye nyufa za matumbawe, chukua ndani ya ufa. Shimo libaki wazi, limezungushiwa uzio, hadi majibu yarudi. Shinikizo la kujaza usiku ili zege limwagwe asubuhi litakuja, na litatoka kwa mtu mwenye cheo kukuzidi. Mwombe aliandike kwenye barua pepe.

Faili la mwisho liwe na ramani ya rangi, majibu ya maabara kabla na baada, hati zote za safari na muhuri wake, leseni za waliopokea, cheti cha tangi, na picha za kila ukuta wa shimo zikiwa na ubao wa jina la mraba na tarehe. Tengeneza nakala tatu: ya mwenye mradi, ya kontrakta na ya NEMA. Ya mwenye mradi ihifadhiwe pamoja na hati miliki, kwa sababu benki na mnunuzi wa baadaye wataiuliza humo.